Riwaya ya kutisha ya watoto: mtu mzima aisomeje?

Msomaji wa Ligula (Mtwara)

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusoma kina watu sita, mdogo kabisa ana miaka 31. Mwezi huu kura imeangukia The House with a Clock in Its Walls cha John Bellairs, Mmarekani, kilichotoka 1973. Kiliandikwa kwa watoto wa kama miaka 8 hadi 12. Kiingereza chake chepesi, hakuna anayekwama. Tatizo ni kwamba waliotangulia wanasema hakitishi: mpaka walipofika ni mtoto yatima, jumba la zamani, na wazee wawili wanaocheza karata. Kuna hoja tukimalize Jumamosi moja tuhamie kingine.

Naomba wenye uzoefu wa vitabu vya aina hii mseme: kisomwe kwa mwendo gani? Mtu mzima atafute nini humo? Na yapo mambo ya Marekani yanayoweza kutupita? Msitumalizie hadithi tafadhali.

Mwalimu wa Nachingwea

Hiyo Jumamosi moja ndiyo itakayokiua.

Riwaya za rika hilo kwa kawaida huwa na maneno 30,000 hadi 50,000. Msomaji anayekwenda kwa utulivu, maneno 130 kwa dakika, atamaliza kitabu cha maneno 40,000 kwa saa tano na dakika chache. Kwa hiyo kukimaliza kwa siku inawezekana, sibishi. Lakini hofu yake imepimwa kwa mtoto anayesoma kabla ya kulala: sura moja, zikizidi mbili. Mwandishi anakata sura pale kitasa kinapoanza kuzunguka. Ukigeuza ukurasa palepale umejipa jibu kabla swali halijakukaa tumboni. Sura ikiisha, fungeni kitabu, mlale nayo. Gaweni siku sita au saba, halafu ndipo mkutane.

Saa ya kusoma: baada ya isha, nyumba ikishatulia. Kitabu hiki kinatisha kwa sauti kuliko kwa picha. Kuna saa inagonga ndani ya kuta na hakuna anayejua iko wapi. Basi feni iliyolegea, redio ya jirani na mlio wa ujumbe kwenye simu vyote vinakula hofu yenu. Anayesoma kwenye simu azime data. Umeme ukikatika msinung'unike, washeni kibatari muendelee.

Sura ya kwanza isomwe kwa sauti, mbele ya wote. Hapa wengi huharibu: msomaji anaanza kukoroma kama zimwi, watu wanacheka, basi kwisha. Asome kwa sauti ile ya kawaida anayotumia kusoma barua, apunguze mwendo kidogo, anyamaze kwenye kila nukta. Hapo kwenye ukimya ndipo watu huanza kuangalia mlango.

Mama wa Mikindani

Mwalimu kasema vizuri kuhusu mwendo, mimi niongeze la kutafuta.

Hao wanaolalamika wanakitazama kitabu kama mtoto asiyetoka jando anavyotazama lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, kwamba ama linatisha ama halitishi. Mtu mzima wa Kimakonde anajua vizuri kwamba ndani ya lipiko kuna mtu. Anajua linachongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, maana linavaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji anachungulia kwenye tundu la mdomo. Bado anakwenda uwanjani. Anakwenda kutazama mchongo, nywele zilivyobandikwa, na jinsi mchezaji anavyotikisa shingo mpaka ule mti uonekane unapumua. Na saa nyingine, pamoja na kujua kote huko, anarudi nyuma hatua moja.

Kusoma kitabu cha watoto ukubwani ndiko huko. Mtu wa ndani unamjua, sasa tazama mchongo.

Mnautazamaje? Kila mmoja awe na penseli. Ukihisi chochote mwilini, hata kama ni kuinua macho tu kutazama dirisha, weka nukta pembezoni mwa mstari huo, usisimame. Ukimaliza sura rudi kwenye nukta zako usome mistari mitano iliyotangulia. Mara nyingi mtakuta mambo haya: sauti imekuja kabla ya kitu kuonekana, mtu mzima ametoka chumbani, na kitu cha kawaida cha nyumbani, saa, ngazi, taa ya gari, kimefanya jambo moja dogo lisilo lake. Damu hamtaikuta kwa sababu damu inamaliza hofu. Ukishaiona unajua ukubwa wa tatizo.

Jambo jingine linalowakera wakubwa ni kwamba mtoto hasemi, au akisema hapewi majibu. Msiseme "wazee gani wajinga hivi." Ndiyo nguzo ya nyumba hiyo. Mtu mzima akijua mapema na akatatua, kitabu kinaisha ukurasa wa 30.

Kijana wa Mtanda, Lindi

Nitapingana kidogo na wakubwa zangu, shikamooni. Mimi naona tusidanganyane: mtu wa miaka 40 hatatetemeka kwa kitabu hiki. Akikifungua akisubiri hivyo atakitupa. Kinachomshika mkubwa humo ni aibu ya mtoto.

Lewis, yule mtoto yatima, ana miaka kumi, mnene, hawezi michezo, hana marafiki. Anampata mmoja, anaogopa kumpoteza, na kwa ajili ya kumfurahisha anagusa kitu alichokatazwa. Anachogusa sitasema. Kutoka hapo kila mlango unaogonga usiku anajua ni yeye aliyeuita. Mtoto wa miaka tisa anasoma hapo anaogopa mzuka. Mtu mzima anaogopa kwa niaba ya Lewis, kwa sababu anakumbuka ilivyo kukaa mezani na watu wanaokupenda huku umeficha jambo. Ni hofu mbili kwenye sentensi zilezile.

Wala si geni kwetu. Yule msichana wa ngano aliyesahau kombe lake pwani, wenzake wakakataa kurudi naye, akaenda peke yake, zimwi likamtia ngomani awe anaimba. Mkisimulia kwa watoto wanasubiri zimwi. Mkubwa sikio lake liko kwa wale wenzake waliokataa kurudi. Someni Lewis kwa sikio hilo.

Mama wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Hapo kwa wenzake waliokataa umenipata.

Karani Mstaafu

Swali la tatu mmeliruka. Mambo ya kuwaeleza wanakikundi kabla ya kuanza, dakika kumi zinatosha:

Mwaka ni 1948, mji ni New Zebedee, jimbo la Michigan. Mji wenyewe ni wa kubuni.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba. Kule watoto huvaa kama mizuka, huchonga maboga na kuweka mshumaa ndani, hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Kwao ni mchezo. Kitabu kinautumia usiku huo kwa jambo ambalo si mchezo, na asiyejua kwamba watu walitarajia kicheko hataona kilichogeuka.

Besiboli: inatosha kujua kwamba watoto huchagua timu mmoja mmoja, na anayebaki mwisho kila mtu anamwona. Basi mmemjua Lewis.

La mwisho ndilo naliona kubwa kuliko yote. Jonathan, mwenye jumba anayemlea Lewis, msimwite mjomba. Yeye na Lewis wote ni Barnavelt, ni ndugu wa baba, kwa hiyo ni ami au baba mdogo. Kwa msomaji wa huku kwetu kusini hilo si dogo. Kwa Wamakonde na Wamwera ukoo kwa asili umefuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Mkisema mjomba, mnampa Lewis mlinzi ambaye kitabu hakikumpa. Huyu ni ami ambaye mtoto hajawahi kumwona hata siku moja, na usiku anazunguka nyumba nzima akizisimamisha saa. Mtoto amelala chumbani anasikia. Iwekeni hivyo halafu mniambie kama haitishi.

Na bi jirani, Bi Zimmermann, anayevaa zambarau siku zote, msimpite kama mpishi wa biskuti tu.

Msomaji wa Ligula

Nawashukuru wote. La ami limenishtua, maana sote tulikuwa tunasema mjomba. Nakala yetu ni moja ya karatasi, wengine watano wana faili kwenye simu. Kuna hasara? Na mmoja wetu anapendekeza mwezi ujao tuendelee na mizuka kwa Kiswahili, Mzimu wa Watu wa Kale.

Mwalimu wa Nachingwea

Hasara ni picha. Toleo la kwanza lilichorwa na Edward Gorey kwa wino mweusi, mistari midogomidogo iliyosukwa mpaka inakuwa giza. Kwenye kioo cha simu mistari hiyo huungana ikawa doa jeusi. Ile nakala ya karatasi izungushwe mkutanoni, kila mtu atazame picha za sura zilizosomwa. Asiruhusiwe kufunua za mbele, maana picha humwaga siri kabla ya maneno. Kama faili zenu hazina picha kabisa, basi na karatasi itangulie kwa yule mnung'unikaji mkuu.

Karani Mstaafu

Kuhusu cha mwezi ujao: kitabu cha Muhammed Said Abdulla ni kizuri, cha 1960, lakini jina lisiwapoteze. Ni cha upelelezi, tena cha watu wazima. Kuna mauaji penye mzimu na mpelelezi, Bwana Msa, anayafuata kwa akili na kiko chake. Mkikisoma mkisubiri mzuka mtamlaumu mwandishi bure. Kiwekeni, ila tangazeni kabla kwamba mnabadilisha aina. Na hicho, ndiyo, mnaweza kukimaliza Jumamosi moja.