Mjadala: Manispaa ikiamuru mti wako mgonjwa ukatwe, nani alipe?

Wakuu, hasa tunaoishi huku Minnesota, Marekani, naomba tulijadili hili.

Juzi nimekuta elmi (mti mkubwa wa kivuli) iliyo mbele ya nyumba yangu imepigwa alama ya rangi, na barua mlangoni: mti uondolewe ndani ya siku 20. Nisipoukata, manispaa itaukata yenyewe na gharama itaingizwa kwenye kodi ya jengo ninayolipa serikalini. Mkataji ananitajia dola 2,800.

Kukatwa sibishi. Ugonjwa wenyewe, Waingereza huuita Dutch elm disease, ni kuvu inayobebwa na mbawakawa wa milimita tatu hivi, anayetaga chini ya gome la elmi inayokufa. Watoto wake wakishatoka humo huenda kula vitawi vya mti mzima na kuuambukiza. Mishipa ya maji inaziba, mti unakauka kwa kiu ilhali umesimama kwenye udongo mbichi. Ndiyo maana hata kuni za elmi zenye gome hukatazwa kurundikwa uani wakati wa joto. Na kuenea kwake, Minneapolis, mji mkubwa wa hapa Minnesota, ilizembea? Hapana, ilizidiwa: mwaka 1977 peke yake ilipoteza elmi zaidi ya 31,000.

Kinachoniuma ni bili. Jirani yangu, bibi anayeishi kwa pensheni, tangu Juni aliona tawi moja la juu kwenye elmi yake limegeuka manjano, majani yamejikunja, huku mti mwingine wote ni kijani. Akanyamaza. Ameniambia mwenyewe: "Ningewaita, ningewalipa nini?" Kutoka mti wake hadi wangu ni hatua nane. Elmi zikikaribiana namna hiyo, mizizi huungana chini, na kuvu hupita humo humo bila kumhitaji mdudu.

Simlaumu hata kidogo. Sheria imemfanya aogope kusema, na ugonjwa huu unataka watu waseme mapema. Kwa hiyo nasema: anayetoa taarifa tawi la kwanza linapokauka asitozwe kitu, gharama ibebwe na mji mzima. Anayeficha ndiye alipe.

*Jibu:* Mkuu, pole. Ila mimi nimepanga chumba, sina hata kichaka. Kodi yangu imkatie mti mtu mwenye nyumba?

*Mleta mada:* Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Lakini kivuli kile hakikuwa changu peke yangu. Watoto wa mtaa mzima husubiri basi la shule chini yake, na ugonjwa nao hausomi hati ya kiwanja. Tena kuna elmi ya tatu upande wa pili wa uzio, bado nzima. Kuiokoa, inabidi mtaro uchimbwe kukata mizizi inayoziunganisha kabla yangu haijaangushwa, na mtaro nao una bei yake. Huo alipe nani: mimi, au yule ambaye mti wake hauumwi?