Mrejesho: ratiba ya kikundi chetu cha historia, Seme

Niliwauliza tuanzie wapi mazungumzo na matembezi ya kikundi cha historia cha kijiji bila kuchangisha pesa nyingi. Wengi mlisema tuanze na cha jirani. Asanteni, tumefanya hivyo.

Kit Mikayi, yale majabali makubwa ya hapa Seme, ndiyo ya kwanza. Tutaenda kwa miguu, na wazee watasimulia papo hapo chini ya yale mawe. Hilo limewavuta hata vijana wa bodaboda. Baadaye mzee mmoja mstaafu wa reli atatueleza jinsi reli ilivyofika Kisumu mwaka 1901, enzi hizo pakiitwa Port Florence.

Ubishi ulikuwa Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe. Ni mbali, Migori huko, na kukodi matatu si mchezo. Lakini kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji, zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16, zikaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, kweli mtu aridhike na picha? Mimi nilikataa katakata. Tutaweka akiba kama chama, twende likizo ya Desemba.

Makumbusho ya Kisumu tumeyasogeza hadi mwakani. Anayejua matatu ya bei nafuu anishtue.