Naomba ushauri: nitapata wapi majina ya watumwa wa Samuel Long wa Jamaika?

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Naandaa makala kuhusu Samuel Long, luteni Mwingereza aliyefika Jamaika mwaka 1655 na jeshi la Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati huo, lililowapokonya Wahispania kisiwa, kisha akawa bwana shamba huko Clarendon, kisiwani humo, na spika wa baraza la kutunga sheria. Habari zake zipo tele. Za waliomlimia, kimya. Nimepekua hifadhidata ya University College London kuhusu wamiliki wa watumwa wa Kiingereza, lakini imejaa zaidi karne ya 18 na 19. Daftari za watumwa za Jamaika nazo zinaanza 1817, na huyu bwana alikufa 1683! Je, orodha za mali za marehemu zilizohifadhiwa Spanish Town, Jamaika, hutaja watumwa kwa majina? Na aliye Dar azipateje bila kusafiri?