Mashine ya kupasulia mbao kwa vyuma chakavu: bledi ya duara au ya mkanda?

Kijana wa Mufindi ameuliza:

Salamu kwenu wakuu. Familia yetu ina ekari tatu za paini wilayani Mufindi ambazo zimefikia umri wa kuvunwa, na kila mwenye mashine anayepita hapa hutaka kununua miti ikiwa bado imesimama, kwa bei aliyokuja nayo kichwani. Nimeamua kujitengenezea mashine yangu ya kupasulia, na kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikikusanya vifaa kidogo kidogo. Hadi sasa ninayo injini ya dizeli ya silinda moja aina ya S195, yenye nguvu za farasi 12, iliyokuwa ikiendesha mashine ya kusaga mahindi ya baba mdogo kabla kinu chenyewe hakijapasuka. Ninazo pia cheneli mbili ndefu za chasi ya lori, rundo la anglo (vyuma vya pembe vyenye umbo la L), na magurudumu mawili ya inchi 13 ya Corolla pamoja na habu zake za nyuma.

Magogo yangu manene kabisa hayazidi sentimita 35, nami hukata kwa urefu wa futi 12. Huku kwetu karibu kila mtu anatumia dingdong, yaani mashine ya bledi ya duara, lakini mimi nimekuwa nikiwaza bledi ya mkanda, yaani utepe wa chuma wenye meno uliounganishwa ncha kwa ncha, inayozungushwa na magurudumu hayo mawili. Kinachonikwamisha ni injini. Tuliishusha kwenye gari watu wanne, na sioni jinsi ya kuiweka juu ya kichwa cha mashine kinachopaswa kupanda na kushuka kila ninapobadili unene wa mbao. Naomba pia kujua ni kifaa gani kati ya hivi nisithubutu kukitumia kikiwa chakavu.

Fundi wa Makambako amejibu:

Kijana wangu, swali lako la injini ndilo la msingi. S195 ina uzito unaokaribia kilo 150 na hutetemeka kama debe lenye mawe. Ukiipandisha juu ya kichwa kinachotembea, utatumia vyuma vingi kubeba injini kuliko vya kupasulia mbao, na mtetemo wake utauona kwenye kila ubao. Wanaotengeneza mashine za namna hiyo hutumia injini ndogo za petroli, na ndiyo maana picha zao zinavutia.

Wewe simamisha bledi badala ya kuilaza. Weka gurudumu moja chini na jingine juu yake, fremu ifungwe ardhini, injini uifunge kwenye zege kando yake, halafu gogo ndilo litembee juu ya toroli likipita mbele ya bledi. Unene wa mbao utaupata kwa kulisogeza gogo upande, kwa skrubu mbili zilizo kwenye toroli, wala hutanyanyua chochote. Viwanda vya zamani vilijengwa hivyo hivyo. Gharama yake ni nafasi: gogo lako lina urefu wa mita 3.7 na lazima lipite lote, kwa hiyo njia ya toroli haiwezi kupungua mita 8, ilhali kama kichwa kingetembea ungemaliza na mita 5 na nusu.

Usikate hata kipande kimoja cha cheneli kabla hujanunua bledi. Urefu wa bledi ndio unaoamua umbali kati ya magurudumu, na watu wengi huanza na fremu kisha wakahangaika kutafuta bledi ya urefu usiouzwa popote. Bledi inayopatikana kwa urahisi ina urefu wa mita 4.01, upana wa milimita 32 na unene wa milimita 1 hivi. Tairi lako likijazwa upepo lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, kwa hiyo mzingo wake ni kama mita 1.82. Toa mzingo mmoja kwenye urefu wa bledi, gawa kwa mbili, utapata mita 1.1 kutoka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya jingine. Kati ya tairi na tairi zitabaki sentimita 52, na gogo lako linapita, ingawa si nafasi ya kuchezea. Namba hizi zisikuzuie kupima mwenyewe kwa uzi, kwa sababu tairi chakavu halina kipenyo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Kuhusu kasi, bledi ya mkanda hupendeza ikitembea mita 25 kwa sekunde. Kwa tairi hilo ni mizunguko kama 825 kwa dakika, na injini yako inazunguka mara 2,000. Puli ya inchi 5 kwenye injini na ya inchi 12 kwenye gurudumu la chini zitakufikisha hapo. Puli hiyo kubwa uifunge kwenye bolti za gurudumu. Umefanya vizuri kupata habu za nyuma, maana kwenye Corolla inayovutwa na magurudumu ya mbele hizo huzunguka zenyewe juu ya ekseli isiyozunguka, nawe unachohitaji ni kuichomelea ekseli kwenye fremu. Ekseli ya juu usiichomelee: iweke kwenye kitelezi, uikaze kwa jeki ya kawaida ya gari, na uipe bolti moja ya kuinamisha gurudumu kidogo ili bledi isitoroke mbele wala nyuma. Chagua matairi membamba yenye mgongo wa mviringo, kwa kuwa bledi hukaa vizuri juu ya mgongo na hutangatanga juu ya tairi bapa.

Mpasuaji wa Njombe amejibu:

Naheshimu maelezo ya fundi, ila dingdong isidharauliwe. Mimi naivuta hadi shambani, napasua pale miti ilipoangukia, na kijana wangu huinoa bledi kwa tupa akiwa amekaa juu ya gogo. Mashine iliyofungwa kwenye zege inakulazimu kuyasomba magogo, na gogo bichi la paini ni maji matupu.

Hata hivyo sitaficha hasara yake. Njia ya bledi yangu, yaani unene wa mbao unaogeuka unga kila inapokata, ni milimita 7, maana yake kwa kila mbao nne za inchi moja ninazotoa, ya tano imekwenda na unga. Bledi ya mkanda hula milimita 2 au 2 na nusu, na hupoteza ubao mmoja kwa kila kumi. Kwa mtu mwenye ekari tatu tu, hilo ni jambo la kufikiria. Tena farasi 12 ni wachache kwa bledi ya duara ya inchi 24 inapozama kwenye gogo la sentimita 35. Injini itakuwa ikizimika mikononi mwako.

Ukibadili mawazo ukajenga dingdong, usisahau kisu cha nyuma ya bledi, kile kipande cha chuma kinachozuia mbao isibane. Kiwe kinene kidogo kuliko bamba la bledi na chembamba kuliko njia inayokatwa. Mashine yangu ya kwanza haikuwa nacho, kwa sababu aliyenichomelea alisema kinapunguza kasi. Siku ya tatu ubao wa mbili kwa sita ulibana, meno ya nyuma yakaunyanyua, ukaruka na kumpiga msaidizi wangu ubavuni. Alilala nyumbani wiki sita, nami ndiye niliyekuwa nikipeleka unga kwao. Na bledi ya duara haichongwi kwenye bamba la chakavu hata kama fundi anakuapia.

Kijana wa Mufindi:

Nashukuru sana. Nimeona nifuate njia ya bledi ya mkanda iliyosimama, kwa kuwa shamba letu liko nyuma ya nyumba na magogo nitayaburuza kwa ng'ombe. Nimebaki na mambo mawili. Nimeambiwa kwamba mashine za kujitengenezea hutoa mbao zenye mawimbi. Pia kuna muuza vyuma chakavu aliyeniahidi vipande vya reli kwa ajili ya njia ya toroli.

Mama wa Depo amejibu:

Reli uachane nazo, mdogo wangu. Ni mali ya umma, na anayekutwa nazo hujieleza polisi pamoja na aliyemwuzia. Anglo ulizonazo zinatosha: zilaze huku kona ikitazama juu, magurudumu ya toroli yakerezwe mfereji wa kukaa juu ya kona hiyo, na unga utadondoka wenyewe badala ya kujaa njiani. Zinyooshe kwa uzi na pima maji kabla ya kuzichomelea, kisha uzipime tena zikishapoa, kwa sababu moto wa kuchomelea huvuta chuma.

Mimi hununua mbao, kwa hiyo mawimbi nayajua kuliko wanaoyatengeneza. Mteja wangu huweka futi kamba kwenye ncha zote mbili na katikati, na mbili kwa nne iliyo na inchi 2 huku na inchi moja na robo tatu kule hurudi kwenye gari. Mara nyingi kosa haliko kwenye magurudumu bali kwenye miongozo ya bledi. Weka beringi mbili zenye ukingo, moja juu na moja chini ya gogo, ziisukume bledi kando kama milimita 6 kutoka njia yake ya kawaida ili isicheze. Ukingo wa nyuma ubaki milimita 3 mbali na mgongo wa bledi, usiguse mpaka gogo linapoisukuma. Mwongozo wa juu uwe wa kushuka, usogee karibu na gogo kila unapobadili ukubwa. Hizo beringi nunua mpya, na bledi pia. Vingine vyote vinaweza kutoka kwenye skrepa.

Sababu nyingine ya mawimbi ni utomvu. Paini hugandisha utomvu kwenye bledi hadi inakataa kwenda mbele, kwa hiyo tundika dumu la maji yenye sabuni kidogo, yadondoke matone juu ya bledi muda wote. Weka brashi ngumu kwenye tairi la chini, maana unga ukiingia kati ya tairi na bledi, bledi hutoka njiani. Jioni legeza jeki. Halafu, kabla ya kupakia mbao kwenye gari, nenda ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ukapate hati ya kusafirishia, hata kama miti ni ya baba yako.

Kijana wa Mufindi:

Mrejesho mfupi. Bledi ya mita 4.01 nimeshainunua. Jana nimejaza matairi upepo na kuyazungushia uzi kama fundi alivyoagiza: mzingo umetoka mita 1.79, si 1.82, kwa hiyo umbali kati ya ekseli utakuwa mita 1.11 na kitelezi nitakipa nafasi ya sentimita 5 juu na chini. Zege la injini linamwagwa Jumamosi.