E350 kwa 530i, mkono kwa mkono: nikubali au nibaki nilipo?

Mtulivu76
Wakuu habari. Nina Mercedes E350 (W211), nimekaa nayo muda sasa na haijanisumbua kihivyo. Kuna jamaa ana BMW 530i (E60), anataka tubadilishane mkono kwa mkono, hakuna anayemwongezea mwenzake. Ya kwake kwa macho ni safi kuliko yangu, rangi inang'aa na viti vya ngozi havina hata mkunjo. Anataka jibu wikiendi hii. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Natanguliza shukrani.

SpanaKumi
Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Kila moja ni ya mwaka gani na imetembea kilomita ngapi? Kuna taa inawaka kwenye dashibodi? Na jamaa anakimbia nini? Mtu haachii gari safi hivi hivi.

DamuYaLexus
Achana na Wajerumani wote wawili. Uza hiyo Benz, tafuta Lexus LS430. V8 ya lita 4.3, kimya mpaka unawasha mara ya pili ukidhani imezima.

SpanaKumi
@DamuYaLexus tulijua utakuja. Kaulizwa BMW. Halafu LS430 za mwisho zimetoka 2006, na injini ile ni ya mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana humo ndani.

DamuYaLexus
Mkanda unabadilisha kila kilomita 150,000 hivi, unaweka na pampu ya maji hapo hapo, unasahau. Nitajie kitu kimoja kwenye W211 unachoweza kukisahau kilomita 150,000.

JioniNjema
Ndugu yangu Mtulivu, kama hiyo Benz ina Airmatic, zile springi za upepo, itoe haraka. Mimi nilikuwa na S-Class ya W220, nayo ya Airmatic. Jioni naegesha imekaa sawa, asubuhi nakuta pembe ya mbele kushoto imelalia tairi. Ukiwasha, kompresa inanguruma, gari inanyanyuka taratibu, maisha yanaendelea. Fundi akasema kompresa imechoka, tukafunga mpya. Haikumaliza muda nayo ikaungua. Tukafunga nyingine! Siku moja niko safarini usiku, familia ndani, yakatokea maandishi mekundu kwamba nisimame, gari iko chini mno. Tukalala barabarani. Fundi wa pili alipokuja hakugusa kompresa kabisa. Alichukua maji ya sabuni, akamwagia juu ya shokomzoba, mapovu yakachemka pale pale kwenye mpira. Upepo ulikuwa unavuja siku zote, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inajiua. Sitaki tena gari inayosimama kwa upepo.

Mtulivu76
Pole sana @JioniNjema. Ila yangu haina Airmatic, ni springi za kawaida.

JioniNjema
Ungesema mapema, kaka, vidole vyangu vingepumzika.

Mtulivu76
Samahani wakuu. Yangu ni ya 2005, imetembea 190,000 na kidogo. Yake 2007, inasoma 98,000. Taa ya injini kwangu huwaka asubuhi, halafu baada ya muda inazima yenyewe. Breki nazo zimewahi kuleta ujumbe mara moja tu.

SpanaKumi
"Haijanisumbua kihivyo." 😂

Sikiliza mkuu. E350 ya 2005 ina injini ya M272. Zile za mwanzo gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko hulika meno, cheni inapoteza mpangilio, taa inawaka. Pima kwa kompyuta. Ukikuta msimbo 1200 au 1208, jiandae, maana injini inashushwa yote ndipo shafti ibadilishwe. Kuna namba za injini zilizoathirika, linganisha na yako kwanza kabla hujaanza kulia.

Pili, breki zako ni SBC, zile zinazoendeshwa kwa umeme na kompyuta. Zile zinahesabu kila unapokanyaga, na zikifika kikomo chake zinaleta ujumbe. Mercedes waliziondoa kwenye toleo lililoboreshwa la 2006. Na asikuguse fundi asiyejua kuzizima kabla ya kubadilisha pedi. Mfumo unaweza kujibana wenyewe vidole vyake vikiwa humo.

BintiUsukani
Kwa hiyo tulifikiri jamaa ndiye anamuuzia Mtulivu mbuzi kwenye gunia, kumbe Mtulivu naye ana gunia lake. Utamwambia kuhusu hiyo taa?

Mtulivu76
Hajauliza.

BintiUsukani
Haya.

MzeeWaGia
Tusimsulubu. Jamaa naye achunguzwe. Ngozi hupakwa rangi ikawa mpya, hiyo si kipimo. Tazama mpira wa pedali ya breki na usukani pale mikono inaposhika. Ukiona umelika na gari inasoma 98,000, kuna mtu kairudisha nyuma. E60 huandika kilomita kwenye kompyuta zaidi ya moja, zote zisomwe uone kama zinakubaliana.

Na uliza injini. 530i ya 2007 inaweza kuwa N52 au N53, kutegemea ilikouzwa ikiwa mpya. N52 ni nzuri, silinda sita mstari mmoja bila tabo. Shida zake zinajulikana: pampu ya maji ya umeme hufa bila kuaga, gasketi ya nyumba ya filta huvuja oili. N53 inataka mafuta yenye salfa kidogo sana, na nozeli zake zitakuuliza maswali.

Mtulivu76
Nitajuaje ni ipi? Nilitaka kupima oili nikakosa hata kijiti.

MzeeWaGia
Kijiti hakipo, usawa wa oili unasomwa kwenye skrini. Injini itambue kwa namba ya chesisi. Na muulize kama oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa.

DamuYaLexus
BMW wenyewe wanasema ni ya maisha.

MzeeWaGia
Maisha ya nani? ZF waliotengeneza giaboksi hiyo wanasema kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta iko ndani ya sampu ya plastiki, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, vinabadilishwa kwa pamoja.

SpanaKumi
Mimi ya kwangu ilikuwa na kilomita nyingi, ikabadilishwa oili, gia zikaanza kuteleza. Bora isingeguswa.

MzeeWaGia
Ilikuwa imeshakufa hiyo, oili chafu ndiyo iliyokuwa inaishikilia. Walipima joto la oili wakati wa kujaza?

SpanaKumi
Sijui, sikuwepo.

MzeeWaGia
Basi tusiilaumu oili.

Mtulivu76
Jamaa kapiga simu. Anasema 530i iko sawa kabisa ila betri inakwisha ikilala siku mbili, kaweka mpya na bado. Sasa naye anaomba nimwongezee kidogo.

BintiUsukani
Amwongezee nani? 😂

SpanaKumi
Betri mpya kwenye E60 lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo inachajiwa kama ile kuukuu. Au kuna kitu hakilali gari ikizimwa. Kapimeni umeme unaovuja.

GurudumuLaTano
Wakuu samahani kuingilia, mimi nina BMW X5 (E53), nayo betri inakwisha usiku. Kuna aliyewahi kukuta rizista ya feni ya AC ndiyo inakula chaji?

MzeeWaGia
@GurudumuLaTano ndiyo, na ni ugonjwa wa kawaida kwenye hizo. Yako ni ya mwaka gani?