Wairigwe wa Miango wanawezaje kubaki kitu kimoja baada ya uvamizi wote ule?

Mtu wa Meza ya Dirishani:

Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa na wenye kujua Nigeria.

Ofisini tuna dada mmoja tunakaa nae meza moja mwaka wa tatu sasa. Muda wote huo mi nilikuwa namuita Mnigeria basi, kumbe yeye ukimuuliza kwao anaanza na Irigwe, kabila lake, halafu Miango, halafu Jos, Nigeria inakuja mwisho kabisa. Hilo nimelijua mwezi wa nne 2025. Asubuhi alifika akaweka mkoba chini, akawasha kompyuta, akakaa hajagusa kitu mpaka muda wa chai. Usiku wake kijiji cha Zike upande wa Kwall kilikuwa kimevamiwa, waliouawa ni zaidi ya 50. Kwenye simu alikuwa na orodha ya majina ametumiwa, anaishusha kwa kidole taratibu, akifika kwa anaemjua anasimama.

Sasa kilichonishangaza ni mchana wake. Yani siku hiyohiyo yuko kwenye simu na watu wa kwao walioko Lagos, Abuja, wengine Ulaya, wanagawana kazi, huyu magodoro, yule mahindi, mwingine hela ya hospitali. Hakuna aliekuwa anabishana nani kamtuma nani. Mi kwetu ukoo mmoja tu, babu mmoja, kwenye msiba tunagombana nani ashike daftari la michango. Nawauliza kwa moyo wote, hawa watu nani anawaongoza? Ni chifu, kanisa, au kuna chama? Na umoja huo umetoka wapi?

Nilisoma_Jos:

Mkuu pole, mfikishie na dada pole yangu. Nimekaa Jos miaka minne ya masomo, Miango nilikuwa naenda mara kwa mara maana rafiki yangu wa chumbani alikuwa wa huko.

Ni hivi. Wairigwe wako Bassa, magharibi ya Jos, jimbo la Plateau, na wana pande mbili kubwa, Miango na Kwall. Juu yao kuna chifu mkuu, cheo chake kinaitwa Brra Ngwe Irigwe, aliekalia kiti ni Mchungaji Ronku Aka. Kwaiyo swali lako la chifu au kanisa pale halina jibu moja, mchungaji ndo chifu, na watu wengi ni wakristo, tangazo la kiti linafika kwa watu jumapili kanisani. Halafu kuna chama cha maendeleo cha Irigwe, kuna cha vijana na kuna akina mama. Uvamizi ukitokea chama ndo kinahesabu, vijiji vipi, majina, nyumba ngapi, mashamba mangapi yamefyekwa. Hilo la mashamba watu wa mbali hawalielewi. Mahindi yamebakiza wiki chache kukomaa, unaamka asubuhi unakuta yamekatwa yote usawa wa goti, usiku hukusikia hata mbwa. Hujafiwa, lakini mwaka mzima wa chakula umeondoka.

Na kuna Zerreci, sikukuu yao ya mwezi wa nne, ndo inafungua msimu wa kulima. Nilienda mara moja. Wanaume wanaruka kwenye ngoma mpaka unahofia magoti yao, vumbi limejaa, wazee wamekaa pembeni wanaangalia mawingu kuliko wanavyoangalia ngoma. Kila mtu anajitahidi awe nyumbani siku hiyo. Sasa ukitazama, Zike imevamiwa mwezi wa nne uleule, wakati mtu anatakiwa awe anaandaa jembe. Inauma sana.

Mtiriki wa Hamisi:

Ndugu mwenye swali, mimi ni wa Vihiga huku Kenya na hii mada imenigusa vile hukutarajia. Kuna mtafiti Mmarekani, Walter Sangree, alikaa kwetu Tiriki miaka ya 1950, wazee wetu walimjua. Miaka ya 1960 akaenda kukaa na hao Wairigwe wako, na baadae akaandika akilinganisha sisi na wao, vile wazee na vijana wanategemeana. Ndo nikaanza kuwasoma.

Kwetu kinachotushikanisha ni rika. Ukitahiriwa unaingia Kabalach ama Golongolo ama Jiminigayi, ziko saba zinazunguka, na mtu wa rika yako ni ndugu yako hata kama koo zenu hazisalimiani. Irigwe hawakushikanishwa hivyo. Zamani hata chifu mmoja wa wote hawakuwa naye. Walikuwa na koo ndogondogo, kila moja na tambiko lake ambalo wengine hawawezi kulifanya lakini wote wanalihitaji, kwa hivyo hakuna ukoo ungejitenga ukasema sisi tunajitosha.

Halafu kulikuwa na ndoa zao. Msichana alikuwa anachaguliwa mume wa kwanza na wazazi tangu mdogo, lakini baadae angeweza kuolewa kwa ukoo mwingine, na mwingine tena, na talaka haikuwepo, zile ndoa zote zilibaki hai na angeweza kurudi. Desturi hiyo iliendelea mpaka 1968. Najua wengi mtashtuka, lakini hebu fikirieni matokeo yake, mama mmoja anaacha watoto kwa koo tatu, na hao watoto ni ndugu wa tumbo moja. Wale waume walikuwa wanakwepana kabisa, hawatakiwi hata kukutana nyumba moja, lakini watoto ndo walikuwa uzi unaoshona hizo koo. Kwa hivyo kiti na chama vilikuja juu ya kitu ambacho kilikuwa kishafumwa na akina mama. Hayo ndo maoni yangu na nayashikilia.

Abuu wa Tanga:

Wachangiaji mmesema vizuri lakini tusipake rangi upande mmoja. Agosti 2021 pale Rukuba Road, Jos, mabasi ya waislamu waliokuwa wanatoka kwenye dua Bauchi wanarudi Ondo yalizingirwa, watu zaidi ya 20 wakauawa, wasafiri tu, hawajui chochote cha Bassa. Polisi walisema washukiwa ni vijana wa Irigwe. Watu waliumia sana na mimi nikiwemo, niliwaswalia.

Nilisoma_Jos:

Abuu ni kweli na hatuwezi kulifunika, wale wasafiri hawakuwa na kosa lolote. Ongeza tu kwamba wiki mbili kabla yake, mwisho wa Julai, Jebbu Miango ilichomwa, na chama cha Irigwe kilikana kwamba watu wao ndo walifanya lile la Rukuba Road. Mi nionavyo, kazi ngumu ya kiongozi kule siyo kuwakusanya watu. Msiba unawakusanya wenyewe. Kazi ni kijana aliezika baba na mdogo wake wiki moja, kumzuia asiende barabarani. Vikao vya wazee wa Irigwe na viongozi wa Wafulani, wale wafugaji wanaogombana nao, vimefanyika zaidi ya mara moja, na mzee anaerudi kutoka kwenye kikao kama hicho anaangaliwa vibaya na vijana wake mwenyewe. Oktoba 2017 watu wa Nkyie Doghwro, kijiji cha Wairigwe, walikimbilia darasani kwenye shule ya msingi, wakawekewa ulinzi wa askari, na bado waliuawa mlemle darasani. Huyo kijana unamwambia aamini nini? Mzee anaeweza kumjibu akamsikiliza, huyo kwangu ndo kiongozi.

Mtu wa Meza ya Dirishani:

Nawashukuru wote, na Abuu pia. Dada nimemsomea hapa hapa mezani, zote, hata ya Rukuba Road. Hiyo alisema kwao walilia pia, mama yake aliwakataza watu wasishangilie nyumbani kwake.

Ya Mtiriki alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimekosea kumsomea. Halafu akasema bibi yake mzaa mama alikuwa na waume watatu, wawili Miango na mmoja upande wa Kwall. Akatoa simu akanionesha ile orodha ya Zike, bado anayo. Majina manne ameyawekea alama. Akasema hawa ni wa bibi.

Kesho namuombea ruhusa Ijumaa aondoke mapema, wana kikao chao cha simu.