Porti kufungwa kwenye mtandao wa ofisi, wadau wa Mwanza tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nafanya IT kiwanda cha samaki huku Ilemela, usiku tumebadilisha ruta, asubuhi kompyuta ya mizani haiingii kwenye seva, sangara wako mlangoni barafu inayeyuka na watu wa mapokezi wote wananiangalia mimi. Napiga pingi (kuuliza tu kama mashine iko hewani) seva inajibu vizuri, nikasema basi mtandao uko poa shida ni programu, nikaitoa nikaiweka upya mpaka saa sita mchana. Kumbe pingi haigusi porti kabisa, yaani ule mlango wenye namba ambao programu inapitia kwenye mashine! Nilipokuja kupiga Test-NetConnection (amri ya Windows ya kujaribu porti) kwenye porti 1433, ile ya hifadhidata ya SQL Server, ikarudi False, yaani haifikiki. Windows ya seva iliona ile ruta mpya kama mtandao mgeni ikauweka Public (usioaminika), na ruhusa yetu kwenye fayawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano, ilikuwa ya Private (mtandao unaoaminika) tu. Nimebadilisha hapo tu, mizani ikasoma. Nyie yamewakuta yapi?

Mdau wa Nyegezi: Pole sana mkuu. Yangu ilikuwa SQL Server Express, toleo la bure la hifadhidata hiyo, tumefungua 1433 na bado kimya. Piga amri ya netstat -ano kwenye seva yenyewe uone inasikiliza kwenye porti ipi, ile huwa inajichagulia porti na ukiizima na kuiwasha inaweza kuhama. Nikaibana ikae 1433, imetulia hadi leo.

Mdau wa Kirumba: Mimi barua pepe za risiti zilikuwa hazitoki. Porti 25 watoa intaneti wengi wanaiziba sababu ya spamu, nikahamia 587, porti nyingine ya kutumia barua pepe, zikaenda.

Mdau wa Nansio: Sisi seva iko Mwanza mjini, huwezi kuvuka ziwa kila kitu kikigoma. Mi naangalia jibu linavyokuja, ikikataa papo hapo mara nyingi umeifikia mashine ila huduma haijawashwa, ikikaa kimya mpaka muda unaisha mara nyingi kuna fayawoli njiani inameza. Zamani nilikuwa nawaandikia makao makuu "mtandao haufanyi kazi" wananijibu unafanya, sa hivi naandika IP (anwani ya mashine) ya huku, IP ya seva, porti, aina ya muunganisho kama TCP na saa niliyojaribu, wanaiona kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) fasta.

Mwanzisha mada: Hiyo naichukua ndugu yangu. Na jamani nawaomba sana msizime fayawoli nzima ili kazi iende, nimewahi kukuta seva porti 3389, ile ya kuingilia Windows ukiwa mbali, iko wazi kwa dunia nzima, roho iliniuma kweli. Sasa nina printa, porti 9100 ya kuchapia inagoma ukiwa VLAN nyingine (kipande kingine cha mtandao wa ofisi) tangu jana, nani ameshapita hapo?